Mama amebadilishiwa nyonga na anataka kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Aache?

SWALI

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67. Wiki mbili zilizopita alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa nyonga ya bandia. Siku alizolazwa alikuwa akichomwa sindano ya tumboni kila jioni, tukaambiwa ni ya kuzuia damu isigande kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Aliporuhusiwa akapewa vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 10, kimoja kwa siku, mpaka zitimie siku 35 tangu upasuaji. Sasa anatembea kwa mkongojo, mguu haujavimba, na maumivu yaliyobaki ni ya kidonda tu, ambayo anayatuliza kwa diklofenaki. Shida ni kwamba fizi zinatoa damu akipiga mswaki, na zamani aliwahi kuumwa vidonda vya tumbo. Ameingiwa na hofu na anataka kuacha vidonge. Shangazi anashauri atumie aspirini badala yake kwa sababu ni nyepesi. Je, aache? Na kwa nini alianzishiwa sindano kisha akahamishiwa vidonge? La mwisho ni langu: natumia vidonge vya uzazi wa mpango na mwezi ujao nina safari ndefu ya ndege. Nimeze aspirini?

JIBU

Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza.

Naanza na jibu lenyewe, kwa sababu kuna jambo la kufanya leo hii. Mama asijiachishe rivaroksabani. Dawa inayotakiwa kuondoka ni ile uliyoitaja kwa kupita tu, diklofenaki. Asimeze nyingine, na mpigieni daktari aliyemfanyia upasuaji mumweleze mambo matatu kwa pamoja: kwamba amekuwa akitumia diklofenaki na rivaroksabani kwa wakati mmoja, kwamba aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo, na kwamba fizi zinavuja damu. Lakini kama amepata choo cheusi kinachonata, ametapika damu, au anaishiwa nguvu na kuona kizunguzungu kila akisimama, msisubiri simu ya mtu. Mpelekeni hospitali moja kwa moja, na msimpe kidonge kinachofuata mpaka daktari wa huko amwone.

Sasa nieleze sababu, na nitaeleza kwa urefu. Nimeona mara nyingi kwamba mgonjwa aliyeambiwa tu "meza hivi mpaka tarehe fulani" huacha njiani akijisikia nafuu, na aliyeeleweshwa humaliza.

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda, na kinachoisukuma ni misuli, hasa ya vigimbi. Kila unapopiga hatua, kigimbi hujikaza, hubana vena za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuisukuma damu juu, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Mtu akilala bila kujongea, damu hutuama, na hutuama zaidi nyuma ya vali hizo. Hapo ndipo donge la kwanza huanza, dogo sana, bila maumivu wala uvimbe. Likiendelea kukua hupanda kuelekea gotini na pajani. Kipande kikikatika husafiri na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo hurushwa kwenye mapafu, ambako huziba njia. Donge kubwa likiziba mshipa mkuu wa mapafu mgonjwa anaweza kufa kwa dakika chache, na wengine hawakuwa na dalili yoyote mguuni kabla ya hapo. Ndiyo maana mguu usiovimba haunitoshi kusema mama yuko salama.

Daktari wa Ujerumani Rudolf Virchow, katikati ya karne ya 19, alionyesha jinsi donge linavyosafiri kutoka kwenye vena hadi mapafuni. Leo tunafundisha sababu tatu zinazobeba jina lake: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda upesi. Upasuaji wa nyonga huzileta zote tatu kwa saa chache. Mgonjwa amelala. Paja lake hukunjwa na kuzungushwa ili daktari afikie kiungo, na vena kubwa ya paja hupindwa pamoja nalo. Mfupa hukatwa na kuchimbwa, na tishu zilizojeruhiwa humwaga kwenye damu vitu vinavyoamsha mfumo wa kugandisha. Mwili unafanya kazi yake hapo, unajaribu kuzuia jeraha lisivuje. Tatizo ni kwamba mwamko huo hauishii kwenye jeraha, na haukomi siku ya kuruhusiwa.

Hili la muda ndilo ninalotaka mama alisikie vizuri kuliko yote. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa jimbo la California, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1998, waliangalia ni lini waliobadilishiwa viungo waligundulika kuwa na damu iliyoganda. Kwa goti, nusu yao walikuwa wamegundulika kufikia siku ya 7. Kwa nyonga, ilichukua mpaka siku ya 17. Mama yako yuko karibu siku ya 14. Yaani anataka kuacha kinga katikati ya kipindi ambacho donge hujitokeza, wakati wagonjwa wengi wameshatoka wodini na wanajiona wamepona.

Uamuzi anaotaka kuufanya umewahi kupimwa kwa watu, karibu vilevile ulivyo. Utafiti ulioitwa RECORD2, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 2,500 waliobadilishiwa nyonga. Kundi moja lilimeza rivaroksabani ya miligramu 10 kila siku kwa takriban wiki tano. Kundi la pili lilichomwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 40 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kisha likaendelea na vidonge visivyo na dawa ndani yake. Mwishoni wagonjwa walipigwa picha za vena za miguu. Walioganda damu miguuni au mapafuni, au waliofariki kwa sababu yoyote, walikuwa asilimia 2.0 katika kundi la wiki tano na asilimia 9.3 katika kundi la wiki mbili. Niwe mkweli kwako: madonge mengi kati ya hayo yalionekana kwenye picha tu, wenyewe walikuwa hawahisi kitu, na mengi ya namna hiyo huyeyushwa na mwili bila mtu kujua. Hata hivyo hayo ndiyo yanayozaa yale machache yanayoua, na hatuna njia ya kujua mapema lipi litakuwa lipi. Kuvuja damu kwingi kulimpata chini ya mtu 1 kati ya 1,000 katika kila kundi, ingawa hesabu hiyo haikuingiza damu ya kwenye kidonda cha upasuaji isipokuwa ile iliyosababisha mgonjwa apasuliwe tena.

Siku alizoandikiwa mama, basi, ni sehemu ya dozi sawa na miligramu. Kwa nyonga tunaandika takriban siku 35. Kwa goti, wiki mbili mara nyingi zinatosha.

Ulivyoeleza, inaonekana mama anaamini dawa hii inaifanya damu kuwa nyepesi kama maji, na kwamba fizi ni ushahidi. Sivyo. Damu yake ni nzito vilevile. Kilichopungua ni kasi ya hatua moja katika mlolongo wa kugandisha. Kuna protini katika damu iitwayo kigezo cha kumi; ikiamshwa huzalisha thrombini, na thrombini ndiyo inayogeuza protini iliyoyeyuka kuwa nyuzi za fibrini zinazoshika donge. Rivaroksabani na ndugu yake apiksabani huikamata ile ya kumi. Dabigatrani, dawa nyingine ya kumeza, huikamata thrombini yenyewe. Hakuna hata moja inayoyeyusha donge lililokwisha kuwapo. Zinachofanya ni kulizuia lisianze au lisikue. Dawa za kuyeyusha donge ni nyingine kabisa, hutolewa hospitalini kwa hali za hatari, na hazihusiani na kidonge cha mama.

Umeuliza kuhusu sindano. Kwa maelezo yako ya mara moja kila jioni tumboni, karibu hakika ilikuwa heparini ya molekuli ndogo, kama enoksaparini au dalteparini. Heparini yenyewe ni ya zamani. Iligunduliwa mwaka 1916 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, ikitoka kwenye ini la mbwa, na leo nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. (Nalitaja hilo kwa sababu wapo wagonjwa ambao imani yao inawafanya watake kujua, na wana haki ya kuuliza kabla ya kuchomwa. Fondaparinuksi, ambayo nayo ni sindano ya mara moja kwa siku, hutengenezwa maabara bila kutumia mnyama.) Heparini hufanya kazi kwa kuitia nguvu protini ya mwili wako mwenyewe, antithrombini, ambayo kazi yake ya asili ni kuzuia damu kuganda ovyo.

Kwa nini sindano kwanza? Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kutapika kidonge. Kidonda bado kibichi, na daktari anataka dawa anayoizoea na anayoweza kuipangia saa kwa uangalifu. Jambo kubwa zaidi ni ganzi ya mgongoni. Kama mrija mwembamba bado uko mgongoni, dawa yoyote ya kuzuia kuganda ikitolewa karibu mno na saa ya kuuweka au kuuchomoa, damu inaweza kuvujia kwenye uti wa mgongo na kuukandamiza. Ratiba za enoksaparini katika hali hiyo zinajulikana vizuri, na dozi ya kukinga hupewa nafasi ya saa 12 hivi kabla ya mrija kuguswa. Kidonge huja baadaye kwa sababu iliyo wazi: si kila mtu anaweza kujichoma nyumbani kwa wiki tano. Zipo hospitali zinazoanza na kidonge saa 6 hadi 10 baada ya upasuaji na hazitumii sindano kabisa. Zote mbili ni njia sahihi.

Kwa msomaji mwingine ambaye ameruhusiwa na sindano, maana wapo wengi, haya ni mambo ambayo mara nyingi hayaelezwi vizuri wodini. Kaa au lala kidogo, chagua upande wa tumbo, mbali na kitovu kiasi cha sentimita 5, na jana ukichoma kulia leo choma kushoto. Sindano ya enoksaparini iliyokwisha kujazwa dawa huwa na kiputo cha hewa ndani; ukiwa unatumia dozi nzima usikitoe, kwa sababu ukikisukuma utapoteza dawa. Finya mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano yote ikiwa imesimama wima, sukuma taratibu, na usiuachie mkunjo mpaka uchomoe. Kisha usisugue. Kusugua ndiko kunakoacha yale mabaka ya zambarau ambayo watu huyaona wakadhani dawa imewadhuru. Na kama ukichomwa heparini chembe sahani zako, yaani chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, zikashuka ghafla, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, hilo ni tatizo kubwa ambalo kwa ajabu yake husababisha damu kuganda zaidi. Daktari akikuomba kipimo cha damu katika siku hizo usikikwepe.

Turudi kwa shangazi na aspirini yake. Simbezi, kwa sababu wazo lake lina mizizi katika utafiti halisi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Kanada, EPCAT II, ambapo wagonjwa wote waliobadilishiwa nyonga au goti walianza na rivaroksabani kwa siku 5, kisha nusu yao wakahamia aspirini ya miligramu 81. Waliopata damu kuganda walikuwa wachache sana na karibu sawa pande zote mbili. Kwa hiyo yapo mazingira ambapo daktari wa mifupa huchagua aspirini, na hakosei. Lakini mwaka 2022 Waaustralia walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 9,000, utafiti wa CRISTAL, wakilinganisha aspirini peke yake tangu mwanzo na enoksaparini. Ndani ya siku 90, waliopata donge lenye dalili walikuwa asilimia 3.45 kwa aspirini na 1.82 kwa enoksaparini. Aspirini huzuia chembe sahani kushikana, na chembe hizo zina kazi kubwa zaidi kwenye ateri, mishipa inayopeleka damu, za moyo na ubongo kuliko kwenye vena. Inasaidia, lakini kwa maoni yangu ni chaguo la mtu mwenye hatari ndogo, ambalo daktari amelipima kabla.

Kwa mama yako kuna tatizo lingine ambalo shangazi hakuliona. Aspirini si nyepesi kwa tumbo. Inadhoofisha utando unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, hata kwa dozi ndogo. Mtu anayeikimbia rivaroksabani kwa hofu ya vidonda vya tumbo akaikimbilia aspirini, amekimbilia dawa ambayo yenyewe huvisababisha.

Na diklofenaki ni ya ukoo huohuo, kwa nguvu zaidi. Pamoja na ibuprofeni, naproksini na ndugu zao, inachubua utando wa tumbo na papo hapo inapunguza uwezo wa chembe sahani kushikana. Rivaroksabani nayo imezuia upande wa pili wa mfumo. Ikitokea kidonda cha zamani kimefunguka, mwili unakuwa hauna cha kukizibia. Katika wagonjwa waliokuwa wakitibiwa damu iliyoganda kwa rivaroksabani, au kwa enoksaparini na dawa za jamii ya warfarini (vidonge vya zamani vya kuzuia kuganda), walioongeza dawa za kundi hili la maumivu walikuwa na uwezekano wa kuvuja damu kwingi zaidi ya mara mbili ya wasioziongeza. Dozi ya mama ni ndogo kuliko za wale, lakini yeye ana miaka 67 na historia ya vidonda. Naomba pia mkague jeli na plasta za maumivu, na dawa za mafua za kuchanganya, kwa maana baadhi zina ibuprofeni au aspirini ndani na mtu hajui.

Maumivu ya kidonda yatatulizwa na nini? Kwa wengi wa umri wake parasetamoli kwa saa maalumu, bila kusubiri maumivu yapande, inafanya kazi nzuri kuliko inavyosifiwa, alimradi ini ni zima na hazidishi dozi iliyoandikwa kwenye pakiti. Isipotosha, daktari ana dawa nyingine zisizochubua tumbo. Mwombeni pia afikirie omeprazole au dawa ya kundi lake ya kupunguza asidi kwa wiki hizi zilizobaki. Na muulizeni mama kama alipoumwa vidonda vya tumbo alipimwa bakteria wa helikobakta na kutibiwa mpaka mwisho. Kama hakumaliza, hilo linahitaji kushughulikiwa kwa utulivu baadaye, hata kama upasuaji haungekuwapo.

Fizi sasa. Damu kidogo kwenye mswaki inayokoma ndani ya dakika chache si sababu ya kuacha dawa. Mswaki laini, kupiga polepole, na mara nyingi ukiondoa diklofenaki hali hupungua yenyewe. Michubuko midogo ya ngozi ni ya kawaida. Ninachotaka mkiogope ni kingine: damu ya pua isiyokoma baada ya kubana kwa dakika 10 hadi 15, mkojo mwekundu, choo cheusi au chenye damu, kidonda cha upasuaji kinachoanza kuvimba na kulowesha bendeji upya, na kuanguka akagonga kichwa. Hili la kichwa halina mjadala. Hata akiinuka anacheka, apelekwe akachunguzwe siku hiyohiyo.

Upande wa pili wa mizani, dalili za donge lenyewe, ambazo dawa inazipunguza sana ila haizifuti: kigimbi au paja moja kuvimba kuliko lingine, kuuma, kuwa la moto likiguswa, au ngozi kubadilika rangi, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi halionekani kirahisi, kwa hiyo tumieni mkono na utepe wa kupimia kuliko macho. Baada ya upasuaji wa nyonga mguu uliopasuliwa huweza kuvimba kidogo kwa sababu zake, lakini uvimbe mpya unaoongezeka upimwe kwa ultrasaundi. Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu au kuzimia ni dharura. Dalili hizi zina uzito kwa miezi mitatu ya kwanza, hata baada ya vidonge kwisha.

Kuhusu kumeza: kidonge cha miligramu 10 anaweza kukimeza na chakula au bila chakula, muhimu ni saa ileile kila siku. Akisahau, akimeze akikumbuka siku hiyohiyo, na kesho aendelee kama kawaida. Asimeze viwili siku moja kufidia. Dawa hii haikai mwilini muda mrefu. Kwa mtu wa umri wake nusu yake huondoka ndani ya saa 11 hadi 13, hivyo siku mbili za kuruka ni siku mbili bila kinga. Kwa sababu hiyohiyo, ikitokea anavuja damu, kusimamisha dawa hupunguza makali yake haraka, na hospitali zina namna za kusaidia damu kuganda wakati huo. Waliopewa dabigatrani wasiifungue kapsuli na wasiihamishie kwenye kikasha kingine cha dawa, kwa maana unyevu huiharibu na chembe zake zikimezwa wazi dozi hupanda.

Tajeni dawa nyingine anazotumia mkienda kliniki, maana hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na fenitoini na kabamazepini za kifafa, huishusha rivaroksabani kiasi cha kumwacha mtu bila kinga. Ritonaviri iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, na ketokonazoli ya fangasi inayomezwa, huipandisha. Figo zilizochoka huipandisha pia, na kwa figo dhaifu sana haitumiki. Enoksaparini nayo hupunguzwa dozi, au daktari hurudi kwenye heparini ya kawaida ya uniti 5,000 mara mbili au tatu kwa siku. Kama mama hakupimwa figo kabla ya upasuaji, jambo ambalo lingenishangaza, aombe kipimo. Akitaka kung'olewa jino ndani ya kipindi hiki, amwambie daktari wa meno kabla hajakaa kwenye kiti.

Kuna wasomaji watajiuliza mbona sijaizungumzia warfarini, dawa ambayo wazee wao wanaijua. Ni dawa nzuri yenye historia ya ajabu: ilitokana na ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakifa kwa kuvuja damu katika miaka ya 1920 baada ya kula majani yaliyooza, ikasajiliwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Huchukua siku tano hivi kushika, hutaka kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara ili ibaki kati ya 2 na 3, na huvurugwa na kubadilisha ghafla kiasi cha mboga za majani. Kwa kinga ya wiki tano usumbufu huo hauna haja ikiwa vidonge vipya kama rivaroksabani vinapatikana. Bado ndiyo dawa yetu kwa mwenye vali ya moyo ya chuma, na kwa mwenye ugonjwa wa antifosfolipidi (kinga ya mwili wenyewe huchochea damu kuganda), ambaye vidonge vipya vimemwonyesha matokeo mabaya. Mjamzito hatumii vidonge vipya wala, kwa kawaida, warfarini. Yeye anakingwa kwa sindano za heparini ya molekuli ndogo, ambazo hazivuki kondo la nyuma.

Siku ya 35 ikifika mama anaacha mara moja, bila kupunguza polepole. Asiongeze wiki "kwa usalama", kwa kuwa baada ya hapo anabeba hatari ya kuvuja damu bila faida inayolingana nayo. Vidonge vikibaki asimpe mtu. Mwenye donge tayari hutibiwa kwa miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 kwa siku, na akipewa masalio ya mama ataamini anatibiwa wakati hatibiwi. Huku akimalizia, atembee mara nyingi kwa vipande vifupi, akunje na kukunjua vifundo vya miguu akiwa amekaa, na anywe maji ya kutosha.

Na wewe, dada. Usimeze aspirini kwa ajili ya ndege. Kwa msafiri mwenye afya faida yake haionekani, na tumbo linaweza kuilipia. Angalia pakiti ya vidonge vyako. Kama kuna homoni ya estrojeni, mara nyingi huandikwa ethinilestradioli, hatari yako ya damu kuganda ni takriban mara tatu hadi nne ya asiyetumia, lakini kwa mwanamke kijana hatari yenyewe ni ndogo kiasi kwamba hata ikizidishwa inabaki ndogo. Vidonge vya homoni ya projestini peke yake havina ongezeko hilo. Katika safari ya zaidi ya saa 4 omba kiti cha pembeni ya njia, inuka utembee, kaza vigimbi ukiwa umekaa, na usimeze dawa ya usingizi ikakulaza umekunja miguu kwa muda wa saa nane. Ikiwa una jambo lingine juu ya vidonge, kwa mfano uzito mkubwa, upasuaji wa karibuni, umejifungua wiki chache zilizopita, au wewe au mama mliwahi kupata damu kuganda kabla ya huu upasuaji, mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Anaweza kukushauri soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, sindano moja ya heparini ya molekuli ndogo kabla ya kupanda ndege, au kubadilisha njia ya uzazi wa mpango kabisa. Ukienda, nenda na pakiti yenyewe mkononi.